Kaunti ya Kuzeekea

Kwa majuma matatu, katika nyumba moja ya mtaa wa Sulimaniyah mjini Riyadh, familia ilijadili mahali pa kuzeekea. Mwenye nyumba alikuwa amestaafu kazi yake ya ofisini akiwa na miaka sitini. Truphena Kageha, mfanyakazi wake wa nyumbani kutoka Kenya, alimwita Baba, kama wafanyakazi wengi wanavyowaita waajiri wao. Watoto wa Baba walikuja kila jioni, wakaketi sebuleni na kubishana. Mmoja alitaka wazazi wahamie Abha kwa sababu ya milima na baridi yake. Mwingine aliisifu Taif na makomamanga yake. Madam Munira, mke wa Baba, hakutaka kusikia habari za milima. Alitaka Jeddah, kwa dada yake, penye bahari.

Truphena alizunguka na birika la kahawa akimimina kidogokidogo kama alivyofundishwa, kwa maana huku kumjazia mgeni kikombe ni kumwambia anywe aende zake. Naye alikuwa na miaka sitini. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na si kwa ubaya. Hawakujua tu. Kwenye ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, mwaka wa kuzaliwa ulikuwepo, lakini nani husoma kitambulisho cha mtu aliyeishi naye miaka kumi na minane?

Mwishowe Jeddah ilishinda. Baba alinunua nyumba katika ghorofa ya tisa, yenye vyumba vitatu na roshani inayotazama maji. Haikuwa na chumba cha mfanyakazi.

Madam alimwita Truphena jikoni akamshika mikono yote miwili.

"Turfa," alisema, maana katika nyumba ile jina lake lilikuwa limegeuzwa la Kiarabu tangu siku ya kwanza, "mgongo wako umechoka. Halas, yatosha. Sisi tumestaafu, na wewe ustaafu. Utatusaidia kuhamia Jeddah, kisha utaondoka kwa huruji nihai."

Truphena alilijua neno hilo. Ni kibali cha kuondoka moja kwa moja, kisicho na kurudi.

"Sawa, madam."

"Na sitaki uhangaike na mizigo kwenye mabasi. Mishari atakukatia tiketi ya ndege mpaka mji ulio karibu kabisa na kwako. Hiyo ni zawadi yangu. Kwako ni mkoa gani?"

Mishari, kitindamimba wa nyumba ile, ambaye Truphena alimpokea akiwa na miaka minne na sasa alikuwa kijana wa ndevu, alikuwa amekwisha kuitoa simu yake.

"Haya, Khala," alisema, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu kama alivyozoea. "Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret. Ipi?"

"Nipe siku chache, mwanangu."

"Siku chache za nini?" Mishari alicheka. "Umesahau kwenu?"

Hakuwa amesahau. Kwao palikuwa pengi mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Truphena alizaliwa karibu na Chavakali, katika Kaunti ya Vihiga, mahali ambapo mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi ua wa mtu unaanzia penye jiko la jirani. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mitatu na fundi wa matofali aitwaye Solomon, wa Malava, Kaunti ya Kakamega. Ng'ombe wa mahari walitoka Malava wakafika Chavakali mbele ya mashahidi. Alizaa mtoto mmoja, Emmaculate. Baada ya miaka kumi Solomon alileta mke wa pili, Jerusha, na nyumba ikawa haina amani. Truphena alimbeba mtoto mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akaenda zake. Alifua nguo za watu Nairobi kwa miaka minane kabla ya kupata wakala aliyemleta Riyadh. Ng'ombe hawakurudishwa. Truphena hakuwauliza ndugu zake kuhusu ng'ombe hao, na Solomon hakutuma mtu kuwadai. Watu wa pande zote mbili waliuacha mlango ule bila kuufunga na bila kuufungua.

Solomon alifariki mwaka 2020, wakati wa korona. Ndege zilikuwa zimesimama, na mazishi yaliruhusiwa watu kumi na watano tu. Truphena hakuwa ameongea na mumewe kwa miaka ishirini na moja. Hakuwa na machozi ya kumlilia. Lakini Emmaculate, wakati huo mwalimu aliyeolewa karibuni, alimpigia simu akilia.

"Mama, wakwe zangu watakuja. Watauliza mke wa kwanza yuko wapi. Nitasema nini? Uwepo hata kwa simu tu. Usiniaibishe."

Basi Truphena aliegemeza simu kwenye pasi, katika chumba cha kufulia, akayatazama mazishi kwa imo, ile programu ya simu za video. Picha ilikatika na kurudi. Aliona miti, akaona viatu vya watu, kisha akaona kaburi. Justus, mdogo wake Solomon, aliisogeza simu karibu na shimo na kupaza sauti ili wote wasikie.

"Mke wa kwanza yuko hapa! Mulamwa, shemeji yangu, unamrushia mumeo udongo?"

Truphena alisikia kimya cha watu wale wote waliomngojea. Akasema, "Rusha kwa niaba yangu."

Justus aliokota udongo, akautupa mara moja kwa jina la Truphena. Jambo lile lilichukua muda mfupi kuliko kukunja shuka. Mfanyakazi mwingine wa nyumba ile, aliyekuwa akipita na ndoo, alimuuliza kama kulikuwa na sherehe kwao.

Sasa, miaka mitano baadaye, Truphena aliketi kwenye kitanda chake na kuanza kutafuta mahali pa kuishi. Alianza na Vihiga, kwa Timothy, mdogo wake aliyebaki kwenye shamba la baba yao. Alimtumia ujumbe wa sauti. Jibu lilikuja kesho yake, refu, lenye kikohozi na majogoo.

"Dada, salamu. Tumefurahi mno kusikia unarudi. Lakini tuongee kama watu wazima. Shamba la baba lilikuwa ekari moja na nusu, na tuko ndugu wanne. Mimi hapa nikipiga chafya, ng'ombe wa jirani anaamka. Na hata nafasi ingekuwepo, wewe ni mke wa watu. Ulimrushia mumeo udongo, ukoo wote ulisikia. Nikikujengea hapa, wazee wataniuliza ukifariki tutakuzika wapi. Nyuma ya ua, kama msichana ambaye hakuolewa?"

Truphena aliusikiliza mara mbili. Akajibu, "Timothy, mimi naomba kitanda. Sijaomba kaburi."

"Kwetu vitu hivyo vinatembea pamoja, dada. Unajua."

Alijua. Alikuwa amelelewa katika kanisa la Friends, akifundishwa kwamba roho haina shamba, lakini mwili alikuwa nao bado, na mwili wa mwanamke aliyeolewa ulikuwa na njia yake.

Usiku uliofuata hakulala vizuri, na asubuhi, akimenya vitunguu, alimpigia Emmaculate aliyekuwa akiishi Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia, na mumewe Dancan. Hapo ndipo alipokuwa ameweka tumaini lake kubwa. Mshahara wake mwingi ulikuwa umemsomesha binti huyu hadi chuo cha ualimu. Zaidi ya hayo, Kitale alikuwa akipapenda kwa picha: mahindi marefu na anga kubwa.

"Mama, Dancan hana shida na wewe hata kidogo," Emmaculate alisema. "Ni ile tu mila. Mama mkwe halali kwa mkwe wake."

"Naijua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi si unaona."

"Sijasema nilale kwenu. Kuna vyumba vya kupanga hapo mjini."

Nyuma ya sauti ya binti yake, watoto wa shule walikuwa wakiimba majedwali ya kuzidisha.

"Mama, Kitale ni mji mdogo. Watasema mama yake mwalimu amewekwa kwa kibanda cha kupanga na kwa marehemu baba kupo. Dancan ni mzee wa kanisa sasa. Si uende tu Malava? Si ndiyo maana tulirusha ule udongo?"

Truphena aliweka kisu chini. "Emma, ule udongo tuliurusha kwa ajili yako. Ulisema nitakuaibisha."

"Nilikuwa nimefiwa, Mama."

"Nami nilikuwa kazini."

Kisha Emmaculate akasema kengele imelia, lazima aingie darasani. Truphena hakuwa amesikia kengele yoyote.

Ilibaki Malava. Alichukua siku tatu kabla ya kumpigia Justus, na katika siku hizo alifunga masanduku ya vyombo vya Madam, akifunika kila kikombe kwa gazeti. Justus alipokea simu kwa furaha ya kweli.

"Mulamwa! Mke wetu! Karibu nyumbani. Nafasi yako ipo, nimeilinda mimi mwenyewe. Upande wa kulia wa ndugu yangu. Hata Jerusha alitaka kupanda sukumawiki hapo, nikamwambia thubutu! Hapo pana mwenyewe."

"Asante, mulamwa. Na nyumba je?"

"Nyumba gani?"

"Nyumba yangu. Ile niliyoiacha."

"Aah, ile." Justus alicheka kwa upole, kama anayemkumbusha mtu jambo la utotoni. "Ile ya udongo ilianguka zamani, mama. Hapo sasa tumepanda maparachichi. Yanafanya vizuri sana."

"Kwa hiyo nikija nitalala wapi?"

"Hilo mtaongea na Jerusha. Yeye ndiye mwenye nyumba. Mambo ya wake wenza mimi siingii, yatanimaliza."

Yeyote aliyewahi kutoka nyumbani kwa sababu ya mke mwenza ataelewa ni ujasiri gani uliohitajika ili Truphena apige simu iliyofuata. Aliandaa maneno yake kama mwanafunzi anayekwenda kusimama mbele ya darasa. Angesema kwamba wote wawili wamezeeka. Angesema hana kinyongo, na kwamba anaweza kupika, kuchota maji, kukaa kimya.

Jerusha alimwacha aseme yote. Kisha akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Usiniite dada. Solomon aliumwa miezi saba. Nilimgeuza kitandani kama gunia. Nilimlisha uji kwa kijiko, akinitemea. Siku ya kuzikwa, Justus akainua simu, ukasema maneno manne, ukawa mke wa kwanza. Mimi niliyekuwa na matope mpaka magotini nikaambiwa nisubiri zamu yangu. Mimi nilimzika kwa mikono, wewe ulimzika kwa simu. Sasa kaa huko huko kwenye simu."

"Jerusha, walinilazimisha."

"Nani alikulazimisha? Mtandao?" Jerusha alicheka kicheko kikavu. Kisha sauti yake ikashuka. "Hilo shimo lako njoo ulichukue wakati wako ukifika. Sitalizuia. Lakini nyumba hii, mama, hapana."

Truphena hakuweza kumkasirikia. Alijaribu, hasira haikuja. Katika watu wote alioongea nao, Jerusha peke yake ndiye aliyesema kitu ambacho yeye mwenyewe angekisema.

Juma lililofuata walihamia Jeddah. Hewa ilikuwa nzito na yenye unyevu, tofauti na ukavu wa Riyadh, na nguo zilizoanikwa roshanini hazikukauka. Baba alilalamika tangu siku ya pili. Alisema kifua kinambana, na kwamba Abha ingekuwa bora.

"Tujaribu mwaka mmoja," Madam alimjibu, akipanga mito. "Tusipopapenda, tutahamia Taif. Mafi mushkila, hakuna tatizo."

Truphena aliyasikia hayo akiwa juu ya ngazi, akitundika mapazia. Hakuwa amewaza kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kujaribu mahali.

Ijumaa alipewa ruhusa ya kutoka. Alichukua teksi hadi Balad, mji wa kale, kumtafuta Rosebellah, mwanamke wa Mbale ya Vihiga waliyekuja naye kwa ndege moja. Rosebellah alikuwa amemtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, miaka minane iliyopita. Aliishi bila ikama, akisafisha nyumba za watu kwa kutwa, na kulala na wanawake wengine watano katika chumba cha juu cha nyumba kuukuu ambayo mbao za madirisha yake zilikuwa zimeanza kuanguka. Alimkumbatia Truphena, akamkalisha juu ya godoro na kumpa chai ya maziwa.

"Nimefikiria jambo," Truphena alisema. "Nikibaki hapa na nyinyi?"

Rosebellah alimtazama kana kwamba amevua nguo. "Ati nini? Wewe umekunywa nini huko kwa ghorofa?"

"Mikono yangu bado ina nguvu."

"Mikono, eeh. Na magoti? Unaona hizi ngazi? Beverly wa Busia alianguka hapo mwezi wa pili. Siku nne alikaa kwa hili godoro umekalia, sisi tukibishana nani atampeleka hosi, maana hakuna mwenye makaratasi. Siku ya tano akaenda mwenyewe, akishikilia ukuta. Hatujamwona tena." Rosebellah alipunguza sauti. "Wewe una huruji, una tiketi ya bure, halafu unaniuliza kama unaweza kubaki? Mimi nikipewa tiketi ya Turkana leo, naenda nikiimba."

"Una watu Turkana?"

"Sina! Ndiyo maana."

Walicheka, na wanawake wengine waliokuwa wamelala wakageuka upande wa pili. Truphena akamweleza yote: Vihiga, Kitale, Malava. Rosebellah alisikiliza akitikisa kichwa.

"Enda Nairobi," alisema hatimaye. "Kangemi. Kule Walogoli wenzetu wamejaa, unaweza kuugua kwa lugha yako na ukaeleweka. Na nyumba ya kupanga haikuulizi wewe ni mke wa nani."

"Pesa niliyonayo haitafika miaka miwili."

"Basi utakuwa umepata miaka miwili."

Truphena alianza kuuliza juu ya mwaka wa tatu, lakini Rosebellah alikuwa amesimama, akichungulia dirishani kama barabara ni salama kwa mgeni wake kutoka.

Jumapili, Mishari alimfuata jikoni. Kibali kilikuwa kimekwisha kutolewa na siku zake zilikuwa zikihesabika.

"Yalla, Khala. Mji?"

"Nairobi."

"Nairobi ndiyo karibu na kwako?"

"Ni njiani."

Mishari aliandika. Alikuwa kijana mwema, akauliza kama amtafutie dereva wa kumpokea kwenye uwanja wa ndege, ampeleke hadi mlangoni.

"Mlango bado sijaujua," Truphena alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. Mishari alidhani amekosea maneno, akamrekebisha kwa upole, kisha akambusu juu ya kichwa kama anavyombusu bibi yake.

Jioni ile Truphena aliwatumia watu wake ujumbe mmoja, ule ule kwa wote: atakaa Nairobi, wasiwe na wasiwasi. Majibu yalikuja upesi, upesi kuliko wakati wowote katika mwezi ule. Emmaculate aliandika kwamba yeye na Dancan wamefurahi mno, Mungu ni mwema, watakuja kumsalimia Krismasi shule zikifungwa. Timothy alimshauri atafute ploti yenye maji ya bomba. Ungesoma maneno yao, ungedhani wametua mizigo kichwani.

Justus hakuandika. Alituma sauti.

"Mulamwa, umeamua vizuri. Nairobi si mbali. Gari la maiti likitoka huko jioni, alfajiri liko Malava, barabara siku hizi ni lami tupu. Ila tafadhali, namba yangu mwachie mwenye nyumba, asihangaike kututafuta."

Madam alimwita kutoka roshanini, chai ya Baba ilikuwa imepoa. Truphena alijibu kwa sauti, "Naja, madam." Akaitia simu mfukoni, akawasha jiko, akasimama kungoja maji yachemke.